Mkono wa Sia

Sakina, Arusha
4 Machi 2024

Wifi yangu Sia,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi. Wewe hujambo, na kaka yangu Gerson, na watoto? Baba simuulizii, maana habari zake nilizisikia kwa masikio yangu siku ya kipaimara.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima, na haya ni yetu wawili. Nilikuwa nimeshika sahani ya ndizi nyama, nampelekea Baba, akawaambia wazee wa usharika, "Huyu mkwe wangu akinichoma insulini sisikii kabisa. Mkono wa Sia ni wa malaika." Wakapiga makofi. Mimi nikabaki na sahani yangu. Mzee yule ndiye aliyenizaa, nimemtekea maji tangu utoto, na mkono wangu haujawahi kusifiwa hata kwa kuosha vyombo.

Nakuonea wivu. Nasema wazi nisije nikapata vidonda vya tumbo. Pasaka hii nenda kwenu Marangu ukapumzike, mimi nitakuja Akheri nimchome Baba mwenyewe. Nifundishe.

Wifi yako mwenye kijicho,
Anande


Akheri
11 Machi 2024

Shikamoo wifi Anande,

Barua nimeipata kwa Eliud muuza nyanya. Sisi wazima, mvua zimeanza, ng'ombe amezaa dume. Pole na mafua.

Nimecheka mpaka Baba akauliza kuna nini. Wifi, kusifiwa na mkwe si raha kama unavyodhani. Akishakusifu, huna ruhusa ya kuumwa hata kichwa. Njoo kwa moyo mweupe.

Mpime sukari kwanza, halafu mchome tumboni kabla hajala, asubuhi na jioni, ukibadilisha upande. Ukimaliza usiirudishie sindano kifuniko, hapo ndipo watu wanapojichoma. Itumbukize palepale kwenye lile dumu gumu la mafuta ya kupikia lililo chini ya kabati. Nesi alinifundisha hivyo nilipomuuguza Baba wodini: sindano haitupwi na taka za nyumbani, inarudi hospitali ikachomwe kwenye tanuri lao. Dumu likikaribia kujaa, nalipeleka.

Na kila jioni mwangalie nyayo kwa taa, hata akikataa. Kisukari kimeiua miguu yake. Juzi alikanyaga kaa la moto akaniuliza ni nini kinanukia.

Wifi yako akupendaye,
Sia


Akheri
6 Aprili 2024

Wifi Sia,

Marahaba yako ya mwezi uliopita hii hapa. Natumaini umewaacha Marangu wote wazima na mgongo wa mama yako umepoa. Barua nakuachia juu ya friji. Narudi mjini kabla hujafika, maana sina haja ya kuona Baba atakavyokupokea.

Nimemchoma. Siku ya kwanza akaguna. Siku ya pili akasema, "Sia hufinya ngozi kwanza." Nikafinya. Akasema, "Si hivyo." Kila jioni anauliza unarudi lini, utadhani ameachwa mikononi mwa mtu baki. Nyayo alinikatalia, eti hizo ni shughuli za Sia. Nikamwachia nyayo zake.

Ila nyumba nimeing'arisha, ujue na mimi nina mikono. Jumatatu ya Pasaka wazee wa usharika walikuja kusali, na sikutaka wakute dumu la sindano chini ya kabati la vyombo, kana kwamba nyumba haina mwanamke. Zote nimezimwaga migombani pamoja na maganda na majivu, kama marehemu Mama alivyofanya na taka zake miaka yote. Dumu nimelisugua kwa mchanga, liko jikoni, unaweza kuwekea mafuta. Wazee walinisifu kwa usafi. Ni mmoja tu, lakini alinisifu.

Wifi yako,
Anande


Hospitalini
27 Aprili 2024

Shikamoo wifi,

Habari za siku nyingi? Sisi tunaendelea, Mungu yupo. Barua hii nimeianza na kuichana zaidi ya mara moja.

Gerson alikuambia kwenye simu kwamba Baba amelazwa kwa kidonda. Ni kweli, ila si yote. Jioni niliyorudi nilimwangalia nyayo nikakuta mguu wa kulia umevimba na unanuka. Alikuwa ameingia migombani na ndala zake kukata mkungu, akawa anatembea na sindano ndani ya mguu bila kujua. Daktari aliitoa. Vidole viwili havikupona, vimekatwa juzi. Zilizobaki shambani nimezitafuta chini ya kila mgomba, nikaziokota kwa koleo na kuzileta hapa. Watoto bado nimewakataza kupita kule.

Daktari aliuliza sindano ilifikaje shambani. Gerson alikuwepo, na baba mdogo. Nikasema nilizimwaga mimi kabla ya safari. Barua yako nimeichoma. Gerson hanisemeshi na ukoo umenikalia kikao, lakini mimi ni mkwe, wakinichoka nina kwetu. Wewe huna baba mwingine.

Na Baba ameniita, akanishika mkono, akasema amenisamehe na hataki mtu anisimange. Basi yameisha. Njoo umwone, na usiseme kitu.

Wifi yako,
Sia


Sakina, Arusha
6 Mei 2024

Wifi Sia,

Hali sikuulizi, niliiona. Ijumaa nilikuja. Nilifika mlangoni mwa wodi na chupa ya uji, nawe umeinama unamfunga bendeji. Muuguzi alitaka kukupokea kazi hiyo, Baba akamwambia, "Mwache. Huyu ndiye aliyeniumiza, na nimemsamehe. Sitaki mkono mwingine." Akakuwekea kiganja kichwani, kama alivyoniwekea mimi siku ya ndoa yangu. Uji nikamwachia mlinzi, nikarudi mjini.

Nimelia, wifi, na sikulilia vidole. Nimelia wivu. Baba yangu amekatwa vidole kwa sababu yangu, na bado nilisimama pale nikikuonea wivu kwa kusamehewa. Nimejiuliza mimi ni mtu wa namna gani, na jibu sikulipenda.

Kisha nikakukasirikia, na hasira haijaisha. Sifa ulichukua, na mahali pa Mama mezani ulichukua, na sawa, ulivifanyia kazi. Lakini kosa lile ni langu. Baba amemsamehe mtu asiyemkosea, na mimi niliyemkosea ananiuliza kwenye simu kama nimekula.

Jumapili baada ya ibada nakuja. Nimemwomba Gerson awaite baba mdogo na wote waliokukalia kikao. Nitasema sindano nilizimwaga mimi, na kwa nini nilizimwaga. Usiniwahi kwa upole wako, wala usimshike Baba mkono wakati nasema. Kaa mbali kidogo. Huenda akanifukuza. Akinifukuza, atakuwa amenifukuza mimi, kwa jina langu.

Binti yake,
Anande