Paka wa Bi Mwanahawa

Nguvumali, Jumanne, Mei 1956

Kumbe ni choa tu. Asubuhi Bi Mwanahawa aliniletea paka wake ofisi ya mifugo, kichwa kina mabaka yasiyo na manyoya. Wiki tatu hasemi na jirani yake, Mama Petro, akiamini ndiye aliyemmwagia paka maji ya moto.

Mimi mwenyewe nilikaribia kusema ni upele. Kisha nikaona kila baka ni duara, lina magamba pembeni. Maji ya moto hayachomi hivyo.

"Paka hulala na nani, Bi?"

Akampandisha mkono wa gauni mjukuu wake aliyekuja naye. Duara lile lile.

Nikampaka paka dawa ya aidini, nikamwambia Bi achemshe mashuka na ampeleke mtoto hospitali.

"Na Mama Petro?" nikamuuliza.

"Nenda weye, mwanangu. Mimi naona haya."

Nilikwenda nikitarajia matusi. Mama Petro alinisikiliza huku akifua, kisha akauliza, "Mtoto anajikuna sana?" Akajifuta mikono, akavuka ua kwenda kumwona.

Nimefurahi. Ila kiwiko kinaniwasha tangu magharibi, nami nimeshajipaka aidini kabla ya kujua kama ni choa au mbu.