Wao Mibuni, Mimi Baraka

Jumamosi, Chapwa, Tunduma. Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye chai. Moyo wangu umechacha.

Jana tulimaliza matanga ya baba kule Mbozi. Baba mdogo akagawa urithi mbele ya ukoo. Kaka Obadia kapewa nyumba na shamba la juu. Mdogo wetu Yona kapewa kahawa ya bondeni.

Ikafika zamu yangu.

"Mwanangu, wewe umeshaolewa," akasema baba mdogo. "Wewe chukua baraka za baba yako, na upendo wa sisi sote."

Chuoni nilisoma falsafa. Tulifundishwa kwamba kuna vitu vya kushikika, vyenye uzito na mahali pake, kama jiwe. Na kuna vitu dhahania, kama namba, ambavyo hutavikuta popote hata ukizunguka dunia nzima. Nilifaulu vizuri, kisha nikaja kuuza vitenge hapa Tunduma.

Vya kushikika vimekwenda kwa wanaume.

Mibuni ile ya bondeni nilichimba mashimo yake na baba. Kila mwaka mimi ndiye niliyekwenda kupogolea na kuchuma, Yona akiwa ng'ambo ya mpaka na biashara zake. Hajui hata tawi lipi hukatwa na lipi huachwa.

Na bado nilipiga magoti, nikapiga makofi ya shukrani kama tulivyolelewa. Nimewashukuru kwa kuninyima! Hilo ndilo linaniunguza kuliko yote.

Leo nimefua kitenge nilichovaa. Udongo mwekundu wa uani kwa baba umegoma kutoka pale kwenye magoti. Huo ndio urithi wangu wa kushikika.

Nilitaka kuandika hapa kwamba vitu dhahania ni hewa tupu. Nisiwe mnafiki. Haki nayo haishikiki, na ndiyo inayoniliza tangu jana.

Mchana Yona kanipigia simu, sauti ya asali.

"Dada, kahawa imeiva kweli huku. Jumatatu uwahi basi, hatuna mchumaji kama wewe."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nakutumia baraka za baba. Zipe ndoo, zichume."

Akakata simu.

Nimelia sana, maana ile kahawa naipenda. Lakini Jumatatu siendi.