Taa ya mkanda

Lesian nimekwisha. Niko Sakina kwa fundi, nimejificha nyuma ya kontena nakuandikia. Gari limechemsha, na abiria wangu ni baba yake Fransiska.

Nilikuwa nampeleka Engutoto aione ile nyumba kabla hatujapeleka posa. Njiani taa ya maji ikawaka. Mzee akauliza, "Hiyo nyekundu ni ya nini?" Nikasema ya mkanda. Sijui kwa nini nilisema ya mkanda.

Akaufungua, akaufunga tena. Mara nne Lesian. Mzee mzima wa kanisa anahangaika na mkanda, na mimi namwambia bonyeza vizuri baba.

Tulipofika hapa boneti ikaanza kufuka moshi. Fundi akaacha lipoe, akafungua rejeta, hakuna hata tone. Akaniambia mbele ya mzee, "Si taa ilikuwa inakuonyesha maji yameisha?"

Mzee akanigeukia. Halafu akauliza taratibu, "Na ile nyumba uliyosema umeshaezeka, nayo ni ya mkanda?"

Wewe unaijua ile nyumba. Ni msingi na mahindi.

Fundi ameshaziba mpira wa maji uliokuwa unavuja na kujaza maji. Mzee ameshakaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, ananisubiri twende.