Gitaa la Kushoto

Kilosa,
6 Machi 1994

Kaka Lazaro,

Shikamoo kaka. Mimi sijambo. Kifua kilinibana wiki mbili kikaniachia, na cherehani nayo nzima. Unaendeleaje huko Mikumi na gereji yako? Mgongo umepoa, au bado unalala chini ya malori kwenye simenti?

Nina ombi, na naomba ulisome mpaka mwisho, maana nakujua. Nataka gitaa la umeme. Usicheke. Nimempa Vitalis wa lori la mkaa elfu arobaini, atakukabidhi pamoja na barua hii. Nasikia siku hizi Morogoro kuna maduka ya vyombo vya muziki vilivyotumika, vinavyokuja na makontena. Wewe unapita huko kila mwezi kufuata spea.

Si la jukwaani. Ni la kupiga chumbani kwangu, nikitoka sokoni. Kwa hiyo sitaki amplifaya. Radio kaseti yangu ina tundu la maiki. Mwalimu mmoja wa hapa amenionyesha: unachomeka gitaa, unabonyeza rekodi na pozi pamoja, unavaa hedifoni, unajisikia mwenyewe tu. Hedifoni ninazo. Nahitaji gitaa lisilo zito, na waya wenye kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili. Rangi yoyote.

Kanisani nilishaomba kujifunza. Kiongozi wa kwaya akasema gitaa halipigwi kwa mkono wa kushoto mbele ya madhabahu, nichukue kayamba. Kwa hiyo kumbuka, kaka: natumia kushoto. Muulize muuzaji kama lipo la kushoto, nasikia yapo. Nataka sehemu moja tu hapa duniani ambapo hakuna mtu wa kuniambia nibadilishe mkono.

Mdogo wako,
Raheli


Mikumi,
2 Aprili 1994

Mdogo wangu Raheli,

Marahaba, na nyingine marahaba, na ya tatu weka akiba. Mimi mzima kama tairi jipya. Mgongo unauma, lakini nimeshauzoea kama jirani mgomvi.

Sasa kaa chini. Umekaa? Gitaa limepatikana! Umemtuma mtu anayejua. Mimi nimekaa Ndola miezi minne, nimelala Lubumbashi, nimesimama mbele ya wapiga gitaa wa Kikongo mpaka jasho lao likanirukia kwenye shati. Darasa la nne nililoliachia kwetu Mamboya halikunizuia kuona mambo ambayo huyo mwalimu wako wa radio kaseti hata kuyaota hajayaota.

Duka liko nyuma ya stendi, mwenyewe anaitwa Thadeo, mjanja mmoja wa miwani. Akanitolea la kwanza, shingo imepinda kama chesisi ya lori lililopinduka. La pili zito kama gia boksi. La tatu, Raheli! Jekundu kama gari la zimamoto, sumaku mbili za kunasa sauti, nyuzi zote sita. Nikalivaa mimi mwenyewe mbele ya kioo. Likanikaa kama shati la kushonewa. Watu wakajaa mlangoni.

Halafu kuna kituko. Kwenye kona lilikuwa linaning'inia jingine, rangi ya chai, vumbi tupu. Thadeo ananiambia, "Hili chukua kwa nusu bei, lina mwaka mzima hakuna anayeligusa." Nikalishika. Nilicheka mpaka nikakalia kreti ya soda. Limetengenezwa kinyume! Vitufe vya sauti viko juu, uzi mnene uko chini, na mwili umekatwa pembe upande usio wake. Nikamwambia, "Mzee, huko kiwandani walikuwa wamelewa, na wewe wanakutupia takataka zao. Mimi si wa kuibiwa." Akataka kunieleza sijui nini, nikamwambia asinifundishe kazi. Mtu anayefungua injini ya tani thelathini hashindwi kutambua kitu kibovu.

Na hiyo habari ya hedifoni nimeikataa kwa niaba yako. Gitaa la umeme bila sauti ni bibi harusi aliyefungiwa stoo. Nimetoa za kwangu mfukoni, nikakununulia amplifaya kubwa kama kabati la vyombo. Ukipiga Kilosa, Mamboya wataitika. Usinishukuru sana, nitaona haya.

Vyote anavileta Vitalis.

Kaka yako mkubwa, mtu wa mataifa,
Lazaro


Kilosa,
9 Aprili 1994

Lazaro,

Vitu vimefika. Mimi mzima.

Nilikuandikia kushoto. Nilikuandikia kwa kalamu, nikakuandikia umuulize muuzaji. Lile gitaa la rangi ya chai ulilolichekea juu ya kreti ya soda halikuwa bovu. Ndilo la kushoto. Ndilo nililokutuma! Kuna mtu huko aliko alilitengeneza makusudi kwa ajili ya mkono kama wangu, likavuka bahari, likakaa mwaka mzima Morogoro kwa nusu bei, na wewe ukalishika kwa mikono yako miwili ukalirudisha ukutani. Mwenye duka akataka kukueleza, ukamfunga mdomo.

Hili jekundu nimelivaa. Ili nichape kwa mkono wangu lazima niligeuze, na nikiligeuza pembe inanichoma mbavuni, vitufe vinakaa chini ya kiwiko, nikichapa mara mbili sauti inajizima. Nyuzi ziko juu chini. Nimezihamisha: pale juu ya shingo mwembamba unachezacheza kwenye mtaro mpana, mnene unakataa kuingia kwenye mtaro mwembamba. Lilikukaa kama shati la kushonewa? Ndiyo, kwa sababu ulijipima wewe. Mimi ni fundi cherehani, sijawahi kumpima aliyetumwa nikamshonea aliyemtuma.

Na hiyo amplifaya. Niliiwasha nusu dakika, mama mwenye nyumba akaja na mwiko mkononi. Nilikuomba kimya. Umeniletea kelele, tena unaniambia nisikushukuru. Sawa, sikushukuru.

Raheli


Mikumi,
17 Aprili 1994

Raheli,

Barua yako nimeigeuza mbele na nyuma, nimeikung'uta juu ya meza, shikamoo haikudondoka. Nikamwita na jirani anisaidie kutafuta. Haipo! Nimekutangulia kuzaliwa miaka saba. Nimekubeba mgongoni kutoka zahanati na homa yako yote. Leo unaniandikia "Lazaro" kama unamwandikia karani wa ardhi?

Nimetoa pesa yangu, nimepoteza siku nzima Morogoro na magari mawili ya watu yananisubiri, natukanwa na mtu anayeshona sare za shule.

Haya, mkono. Nimerudi kuisoma barua yako ya kwanza, kweli umeandika kushoto. Lakini nilijua ni hasira zako tu kwa kiongozi wa kwaya. Mkono wako si ulishapona? Baba, Mungu amrehemu, alihangaika na mkono ule miaka miwili. Ulipomaliza shule ulikuwa unaandika kwa kulia kama watu wote, mwandiko mzuri kuliko wangu. Sasa ugonjwa umerudi lini? Jizoeze! Mimi kule Lubumbashi nilijizoeza gari la usukani wa kushoto kwa siku moja, tena lina mzigo wa mahindi na breki moja.

Amplifaya kama huitaki, irudishe. Wenye shukrani wapo.

Kaka yako, upende usipende,
Lazaro


Kilosa,
26 Aprili 1994

Kaka,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu nimelelewa.

Amplifaya yako anayo Vitalis.

"Ulishapona." Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje nikakaa.

Acha nikukumbushe ugonjwa wangu. Nilikuwa na miaka sita. Baba aliingia sebuleni na kipande cha kanga ya mama, akasema mkono huu utalala mpaka mwenzake ajue kazi. Kila siku baada ya shule, kibao cha kuandikia magotini, mkono wangu nyuma ya kiti. Lakini Baba mikono ilikuwa inamtetemeka. Aliyekuwa anafunga ni wewe. Ulikuwa hodari wa mafundo na ulikuwa unajisifu: "Hili halifunguki hata kwa nyundo." Vidole vinavimba, nakwambia, "Kaka, legeza," na wewe unanijibu, "Huyo ni mfungwa, ana miezi sita." Ulikuwa unanichekesha, kaka. Nilikuwa nacheka huku nalia.

Mkono wangu haukupona kwa sababu haukuwa unaumwa. Ulijificha. Mbele ya wateja mkasi naushika kulia. Wakigeuka, nahamisha. Miaka ishirini na tatu nahamisha.

Ningeweza kumtuma mtu mwingine. Vitalis mwenyewe angeniletea. Nilikutuma wewe kwa sababu wewe ulikuwepo. Nilitaka uwe wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu, unauliza: lipo la kushoto? Hukuuliza. Ulicheka.

Usinijibu.

Raheli


Mikumi,
31 Julai 1994

Mdogo wangu Raheli,

Ulisema nisijibu, na nimekaa miezi mitatu bila kujibu. Muulize yeyote hapa Mikumi kama amewahi kuniona kimya dakika tatu. Naomba barua hii ikukute mzima. Mimi mzima wa kutembea tu.

Nilirudi kwa Thadeo wiki ile ile. Nikasimama mlangoni, duka limejaa, nikasema kwa nguvu, "Lipo la kushoto?" Akavua miwani. "Ndilo nililotaka kukueleza siku ile," akasema. "Amelichukua mtu wa baa, barabara ya Iringa." Nikalifuata. Nikalikuta ukutani, halina nyuzi, limepigiliwa misumari minne kuwa pambo, mmoja umepita katikati ya shingo. Nikataka kugombana. Nikakosa wa kugombana naye. Yeye alilinunua, mimi ndiye niliyeliacha.

Nimetuma madereva waulize Dar, Mbeya, mpaka Lusaka. Kila mmoja nimemwandikia kwenye karatasi: LA KUSHOTO. Wiki iliyopita mmoja akacheka, akasema huko kiwandani walilewa. Nilimfukuza gereji na gari lake halijarudishiwa tairi.

Jana nikapata lifti kuja Kilosa, nije nikwambie kwa mdomo kwamba nimeshindwa. Nikapita sokoni kwanza. Malimi, yule Msukuma anayechonga mipini ya visu, akaniuliza, "Wewe ndiye kaka wa gitaa jekundu? Dada yako amenitesa!" Akasema umemchongesha kipande cha mfupa wa ng'ombe cha kuweka juu ya shingo, mitaro sita, mipana huku, myembamba kule. Mara tatu umemrudishia, unamwambia bado nyuzi zinachezacheza. Vitufe umeng'oa ukabakiza kimoja. Na ile pembe inayochoma mbavu umeikata mwenyewe kwa msumeno wake, yeye akageukia pembeni asione. Sikudanganyi, nilipata uchungu kwa lile jekundu. Nikajikaripia: linakuhusu nini?

Nikaja kwako, saa tisa mchana. Dirisha lilikuwa wazi. Umekaa kitandani, hedifoni masikioni, macho umefumba. Nje hapasikiki muziki wowote, nyuzi tu, tik tik tik, kama kuku anadonoa bati. Na mkono wa kushoto ndio unachapa.

Raheli, sijawahi kuuona mkono ule ukifanya kazi. Nimeuona umefungwa, sikuwahi kuuona umeachiwa. Kumbe ni mwepesi hivyo! Ulikosea mahali, ukatukana. Nimekusikia, binti wa mwinjilisti. Ukarudia, ukapata, ukacheka peke yako.

Nilisimama pale karibu nusu saa. Sikubisha hodi. Niliogopa nikibisha utahamisha mkono. Nikarudi barabarani kutafuta gari.

Fundo nililifunga mimi. Baba aliagiza, lakini aliyevuta ni mimi, na nilivuta kupita alivyoagiza, kwa sababu nilitaka aone kwamba najua. Kasirika mpaka uchoke, na usipochoka endelea, una haki.

Ila kuna kitu kimenikosesha usingizi, na humu gerejini hakuna wa kuniambia. Kwa mara ya kwanza nauliza nikiwa sijui jibu.

Ulikuwa unapiga wimbo gani?

Kaka yako,
Lazaro