Maharage ya Mfuko wa Kushoto

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo tena kelele za Irakoze! Kila akigusa mpira, Warundi wote pembeni ya uwanja mayowe, na Eddy, mwenzao, anainua simu kumrekodi. Akipoteza mpira, Eddy anashusha simu. Nimemwona kwa macho yangu. Jioni grupu la WhatsApp limejaa pasi tamu tupu. Kijana ana miaka kumi na saba, eti uwanja wetu huu wa Umbilo haujawahi kuona kiungo kama yeye. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Baada ya mechi kocha Salvator kanivuta kando. Akademi moja ya Pietermaritzburg inataka kijana wa kumjaribu. “Iko nafasi moja tu, Baba Boni.” Jina la kwanza ni Irakoze. La pili ni Boniface — mwanangu, winga wetu wa kulia. Anataka mimi niamue na niandike barua, maana Tanga niliwahi kuwa katibu wa timu, na hapa Clairwood kazi yangu ni kuhesabu mizigo ghalani. Nikakataa. Nitaamuaje kesi ya mwanangu? Akacheka. “Wewe ni mutu ya hesabu. Hesabu haiko na mutoto.”

Nikakubali. Nilijisikia mtu wa maana, sikatai. Nitaandika kwa mkono, Boni atachapa kwenye simu yake kama barua zangu zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya Wanawake ya nchi hii, hakuna kazi. Mechi asubuhi.

Nimetumia njia yetu ya ghalani, ya siku mashine ikigoma: maharage. Pasi iliyofika, punje moja mfuko wa kulia. Iliyopotea, mfuko wa kushoto. Sikumtazama mtu mwingine, yeye na mpira tu. Anayehesabu mzigo hapigi soga na dereva.

Kulia: kumi na sita. Kushoto: ishirini na moja! Na huyo ndiye fundi! Zile pasi ndefu za upande wa kulia ndiyo balaa — anapiga kwenye majani, hakuna mtu, mpira unatoka nje.

Wakati wa kuondoka, mama yake Irakoze, Godelive, anayesuka nywele kule Point, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ananishukuru mapema. Nikatazama viatu vyangu.

Barua nimefika nusu: kijana ana kipaji, lakini sifa zimemzidi.

Rhoda kakuta maharage kwenye suruali ya kufua. Kauliza kama siku hizi nakula njiani. Nilipomweleza, mke wangu akaigeuza mifuko nje: “Mwamba ngoma huvutia kwake.” Nikakasirika. Nikamwambia maharage hayana mtoto.

Jumapili, 10 Agosti

Boni kaitwa kazini supamaketi, hakucheza. Nafasi yake akaingia Ruphin. Ruphin! Dereva wa lori, miaka thelathini na tano, na tumbo lake.

Nusu saa ya kwanza nilidhani nimechanganya mifuko. Mwisho wa mechi nikahesabu mara mbili. Kulia thelathini na moja. Kushoto saba.

Pasi zilezile. Majani yaleyale. Ila Ruphin alikuwa ameshaondoka kabla mpira haujapigwa. Nikamuuliza anajuaje. Akahema kwanza. “Eish, mzee. Anainua kichwa, mimi naenda. Ni hiyo tu.” Kisha, bila ubaya wowote, akasema Boni ni mwepesi kuliko yeye mara tatu, lakini anangojaga mpira umukute kwenye muguu.

Zile ishirini na moja — ngapi zilikuwa za Boni? Sikuhesabu. Nilikuwa natazama mpira, sikutazama alikotakiwa kuwa mwanangu. Labda sikutaka kutazama.

Nilikwenda kumpima mtoto wa Godelive, nimerudi nimempima wangu. Inauma. Anayesifiwa kupita kiasi cha mpira wake analala chumba cha pili, na msifiaji ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Barua inatakiwa leo. Nimetoka kazini, nimechana ile ya kwanza, nimeandika upya. Mistari sita, na jina moja: Irakoze. Nimeandika hata habari za maharage, wacha wanicheke.

Sasa nimekaa mezani nayo. Viatu vya mpira vya Boni viko dirishani, vimeoshwa, vimejazwa magazeti vikauke. Sikumwambia kitu kuhusu akademi. Nani kamwambia? Salvator, bila shaka — mdomo ule! Rhoda yuko jikoni, anasikiliza nisiyoyasema.

Boni kaingia. Kauliza imekwisha? Nimesema bado kidogo, na naandika hapa ili nionekane nina kazi. Kiwiko changu kiko juu ya barua.

Kavuta kiti. Simu ameshaifungua. “Lete Baba, nikuchapie.”

Amenyoosha mkono. Hasogei hata inchi. Anangoja imfikie.