Wifi Anataka Nipungwe

Jumanne, Somanga

Nipungwe pepo mimi? Wifi Somoe kaja leo na udi na kaniki mpya, eti nina jini, kwa kuwa juzi nilimfokea kaka yake mbele ya wageni kisha nikalia. Mume wangu mwenyewe anatazama mkeka.

Nikamwambia, "Wifi, daktari wa ile zahanati ya binafsi kanieleza. Damu ikianza kukoma, homoni zinapungua, na ubongo ulishazizoea. Ndiyo haya majasho, ndiyo hizi hasira."

"Kijana yule atajua nini cha wanawake?"

Nisijidanganye, naogopa. Siku nyingine sijitambui.

Lakini mimi ni kungwi. Nimewafunda wari miaka ishirini mwanzo wa damu, na mwisho wake hakuna aliyenifunda. Mama zetu walipungwa wakanyamaza.

Udi nimeupokea, nimefukizia nguo zangu. Kaniki karudi nayo.

Unyago ujao ananiletea binti yake. Nitamfunda yote mawili, mwanzo na mwisho, na Wifi atakaa palepale asikilize. Zamu yake haiko mbali.