Mluzi wa Kwanza

Milano, 3 Januari 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama na kifua chake hajambo? Mimi mzima, ila nimekonda kwa hofu. Nimeitwa kuimba opera Parma, kwetu, sehemu ya sauti ya baritoni, na sauti inanikatika kila nikiipandisha. Daktari anasema koo limevimba, nipumzike. Lakini nikiikataa Parma, nani ataniita tena?

Baba, nakuomba, siku hiyo kaa nyumbani. Wewe na wenzako wa roshani ya juu ya ukumbi nimewaona mkimzomea mtu mpaka akalia.

Mwanao,
Learco

Parma, 9 Januari

Mwanangu Learco,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakohoa huku akinigombeza.

Umeniudhi. Nikae nyumbani, mwanangu anaimba? Nando kinyozi ameshautangazia mji mzima! Kule juu hatujui mtoto wala shemeji. Anayeharibu anapigiwa miluzi. Kama koo linauma, waambie wenye ukumbi mapema, si aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Baba yako,
Ermete

Parma, 28 Januari

Learco mwanangu,

U mzima? Mama yako alikuwekea supu ya tambi za anolini, ikapoa, kumbe ulitoka ukumbini ukaenda stesheni moja kwa moja.

Najua ulisikia. Sauti ilipokukatika, mluzi wa kwanza ulikuwa wangu. Uliutambua, maana uliinua macho.

Sikiliza basi. Kule juu, ndugu wa mwimbaji akitangulia kupiga mluzi, wengine hunyamaza. Hakuna anayeongeza juu ya uchungu wake. Nando alikuwa ameshatia vidole mdomoni. Wangekuzomea mpaka pazia lifungwe. Nikasema, uwe mmoja tu, na uwe wangu. Naogopa umenichukia. Niandikie, hata kama ni matusi.

Baba yako,
Ermete

Milano, 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Daktari amenikataza kuimba mwaka mzima. Hata kuongea nanong'ona, na hakuna ajuaye kama sauti itarudi. Naogopa kuliko siku ile.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nakuamini. Lakini nikifumba macho nausikia mluzi tu. Kile kimya ulichoninunulia sikikumbuki hata kidogo.

Jumamosi ijayo narudi nyumbani. Stesheni aje Mama peke yake. Wewe, Baba, nipe muda nikuzoee tena.

Mwanao,
Learco